Pazia la Kona kwa Kona

Tuanze kwa kuwekana sawa. Katika mapazia yote niliyotundika maishani, na nimetundika mengi kuliko nywele za Mjomba (Mjomba ana upara, lakini hoja mmeipata), sijawahi kuchungulia hata moja. Ndoa, hitima, darsa, mahafali ya madrasa, kote nimefunga waya, nimening'iniza kitambaa, nimegeuza mgongo nikaondoka zangu. Jicho langu lina adabu kuliko mimi mwenyewe. Kama yupo aliyewahi kuniona nimelibandika kwenye tundu, ajitokeze. Mimi nipo, sihami.

Kazi yetu ni kukodisha viti, maturubai na mapazia. Mjomba ndiye mwenye duka, mimi ndiye mwenye mgongo. Watu huniita Mhandisi. Jina hilo nilijipa mwenyewe, nikalisambaza polepole mpaka likaonekana limetoka kwa wananchi. Nilimaliza kidato cha nne na alama nzuri sana ya hisabati, na tangu siku hiyo hisabati yangu haijapata kazi nyingine zaidi ya kupanga viti kwa safu.

Msidhani ni kazi ndogo. Shughuli yetu ya Kiislamu ikishapata tarehe, swali la kwanza si nani atasoma wala nini kitaliwa. Swali la kwanza ni pazia linapita wapi. Wanaume huku, wanawake kule, hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye hiyo "kule". Katika ukumbi wa madrasa yetu, "kule" imekuwa nyuma tangu ukumbi ujengwe. Pazia linaukata ukumbi kwa upana. Mbele wanakaa wanaume na shehe, feni mbili na maua ya plastiki. Nyuma wanakaa wanawake na masufuria, mlango wa choo, na spika moja yenye kikohozi. Spika ile huwafikishia "Ndugu zangu katika imani" na "Wabillahi taufiki". Ya katikati kila mama anajijazia mwenyewe. Mwaka juzi dua iliisha, wanaume wakatawanyika, wanawake wakabaki wameinua mikono kwa muda mrefu wakidhani shehe anavuta pumzi.

Sasa sikilizeni nilivyojiingiza kwenye ubishi huo kwa miguu yangu miwili.

Jumatatu nilikuwa nje ya duka nasugua viti kwa sabuni, akaja Shangazi, dada yake marehemu baba. Shangazi ni kiongozi wa darasa la wanawake watu wazima pale madrasa. Ni akina mama na mabibi kumi na tisa, walianza alifu miaka minne iliyopita, na Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa mahafali yao. Akisimama mlangoni kwetu, hata viti vinajipanga.

"Mhandisi, umekula?"

"Nimekula, Shangazi."

"Vizuri. Sitaki uanguke nikikwambia. Jumamosi wanawake hatukai nyuma."

"Sasa mtakaa wapi? Juu ya bati?"

"Ubavuni. Pazia lipite kwa urefu, kuanzia kwa shehe mpaka mlango mkubwa. Wao kulia, sisi kushoto. Miaka minne tumekunja magoti tunasoma, leo tukapokee vyeti karibu na choo?"

"Shangazi, hilo ni la Mwenyekiti wa madrasa. Mimi ni mtu wa waya tu."

"Na posa yako je, ni ya nani?"

Nikaacha kusugua.

Mwenyekiti ana binti. Anafundisha watoto wadogo pale pale madrasa, wote wanamwita Ustadha, hata wakubwa. Katika maisha yangu amenisemesha mara moja tu, miezi kumi iliyopita, kwenye kikao cha wazazi. Alinisogelea, moyo wangu ukasimama wima, akasema, "Kaka, hiki kiti mguu wake umelegea." Basi. Akaondoka. Kile kiti sijakikodisha tena kwa mtu. Nimekiweka chumbani kwangu, karibu na kitanda, na Mjomba aliponiuliza nikamwambia kipo matibabuni.

Baba yangu hayupo duniani, na mama alishasema yeye hodi ya nyumba ya Mwenyekiti haiwezi, miguu inamwisha nguvu getini. Aliyebaki wa kupeleka posa ni Shangazi.

"Pazia likipita kwa urefu," Shangazi alisema, "Jumapili niko kwa Mwenyekiti na maneno yako mdomoni. Likikata kwa upana, tafuta shangazi mwingine."

"Shangazi hawakodishwi."

"Ndiyo maana nakwambia mapema."

Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Hata sabuni haijakauka, akatokea Mwenyekiti mwenyewe. Huyu mzee alistaafu ukaguzi wa mizani na vipimo, ila ukaguzi wenyewe haujamstaafu. Mfukoni ana futi ya chuma ya kukunja, na akikusalimia unahisi amekupima urefu na kukuona umepungua.

"Kijana, nasikia kuna watu wanataka ukumbi wangu upasuliwe mapacha."

"Mimi sijasikia, mzee," nikasema, na masikio yangu yakiwa bado moto kwa maneno ya Shangazi.

"Wanaume mbele, wanawake nyuma. Kama miaka yote. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mzee."

"Vizuri. Mimi kijana anayeshika maelekezo huwa namtazama kwa jicho jingine."

Jicho jingine! Nikaliona jicho hilo limekaa sebuleni kwake, linaniita mkwe.

Mjomba alikuwa ndani amesikia yote. Alinisubiri mpaka mzee akate kona.

"Huyu umemkubalia. Na yule umemkubalia. Wewe una kumbi mbili?"

"Nina hisabati, Mjomba."

"Haya," akasema. "Tutaisomea hitima hiyo hisabati yako."

Alhamisi nikaenda kuupima ukumbi. Upana mita kumi na mbili, urefu mita kumi na sita. Nikakaa chini katikati, peke yangu, nikatazama kona hii, nikatazama kona ile, halafu nikacheka mpaka njiwa wa darini wakaruka. Kumi na mbili kwa kumi na sita! Kutoka kona mpaka kona ni mita ishirini kamili, haizidi wala haipungui. Na mimi nina mapazia matano ya mita nne nne. Mwalimu wangu wa hisabati, popote ulipo, hukupoteza chaki yako bure.

Mpango ulikuwa huu. Pazia lisipite kwa upana wala kwa urefu. Lipite mshazari, lianzie kona ya mbele kushoto, liishie kona ya nyuma kulia. Jukwaa la shehe nilihamishie kwenye kona ile ya mbele, pale pale pazia linapoanzia. Hapo wanaume wanapata ukuta wote wa mbele: Mwenyekiti, si ulisema mbele? Wanawake wanapata ukuta wote wa kushoto, mpaka ubavuni kwa shehe: Shangazi, si ulisema ubavuni? Kila mtu amepewa alichoomba, na mimi nimepewa mke.

Ijumaa jioni nikaanza kutundika. Kwanza, fundo la waya lilikula nusu mita huku na nusu mita kule, kwa hiyo pazia halikugusa ukuta alipo shehe. Lilianzia hatua moja mbele yake, naye akawa amekaa kama mwamuzi wa pembeni, anaona timu zote mbili. Nikasema si neno. Shehe wetu ni mzee sana, ana miwani minene kama kitako cha chupa, na ukimsalimia uso kwa uso anakuuliza, "Nani huyo?" Hata angewekwa juu ya mnara asingeona kitu.

Pili, mapazia manne ya kijani yalikuwa mazima, la tano panya walishalitafuna. Mke wa Mjomba alikuwa amesafiri kwa dada yake, nikaazima pazia lake la sikukuu kutoka kabatini, nikalitia katikati. Lilikuwa na maua makubwa ya manjano yenye vitovu vyeusi. Ua moja, usawa wa uso wangu, lilikuwa na tundu la pasi kwenye kitovu, dogo, kama kifungo cha shati. Naliandika hili kama fundi tu, kwa ajili ya kumbukumbu.

Tatu, kile kiti. Nilikuwa nimekitia gundi, skrubu mbili, na rangi mpya mguuni. Mkeka wa watoto wadogo niliutandika upande wa wanawake, karibu na lile pazia la maua, na kiti nikakiweka kando ya mkeka, mahali pa mwalimu wao. Kwa sababu za kiufundi.

Jumamosi baada ya adhuhuri watu wakaanza kuingia. Mwenyekiti alikuja na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inaweza kusimama bila yeye. Akafika katikati ya mlango, akasimama. Akatazama pazia lilikotoka. Akatazama linakokwenda. Mkono ukaenda mfukoni kwenye futi.

"Hii ni nini?"

"Wanaume mbele, mzee. Ukuta wote wa mbele ni wenu, tazama. Hakuna mwanamke hata mmoja anayeugusa."

Akautazama ukuta. Kweli ulikuwa wao wote. Futi ikabaki mfukoni. Mkaguzi akikosa kosa huwa anaumwa kichwa.

Kutoka ng'ambo ikaja sauti: "Mhandisi! Hii ni nini?"

"Ubavuni, Shangazi! Mpaka kwa shehe!"

Halafu nikasikia anacheka puani. "Mtoto huyu ana akili ya mwizi," akawaambia wenzake.

Nikajiona nimeshaoa. Na hapo hapo ndipo hisabati ikanigeuka.

Pembetatu, kwa msiokumbuka shule, ina ncha. Ukipanga viti kuielekea ncha, safu ya kwanza inabeba kiti kimoja. Ya pili viwili. Ya tatu vitatu. Wazee wa kamati yetu wako tisa, na wamezoea safu moja ya mbele, mabega sawa, kama meno. Sasa mbele kuna kiti kimoja tu, huku ukuta, huku pazia.

Walikizunguka wakakitazama.

"Keti, Mwenyekiti," alisema Katibu.

"Hapana, keti wewe, Katibu, una magoti."

"Siwezi kukaa mbele yako, mzee wangu. Keti."

"Nasema keti wewe."

"Basi, kwa heshima yako, nitaketi." Akaketi.

Mwenyekiti akamtazama. "Umeketi kweli?"

Katibu akanyanyuka kama aliyekalia pini. Mzee mmoja mwenye kinu cha kusaga akasema kama kiti kinawasumbua yeye hana shida nacho, wote wawili wakamgeukia kwa pamoja. Mwingine akashauri viongezwe viti viwili pale pale mbele. Vikaletwa. Ukuta haukusogea. Pazia, kwa kuwa ni kitambaa, lilisogea. Likavimba upande wa pili kama shavu la mtu mwenye jino.

"Goti la nani hili?" ikatoka sauti ya mama mmoja ng'ambo.

Wazee wakatazama magoti yao.

"Nauliza, goti la nani? Mbona limehamia kwetu?"

Ukasikika mkoba ukipiga. "Lirudi kwenu! Lirudi!" Mwenye kinu akaruka nyuma anajisugua, na ncha ikabaki na kiti chake kimoja, peke yake, kinawacheka.

Upande wa wanawake nao walikuwa na ncha yao na kiti chao kimoja. Nilisikia jinsi kilivyoamuliwa. Shangazi alisema, "Bi Mkubwa, njoo ukae hapa." Mtu akaburuta miguu, akakaa. Imekwisha.

Shehe jukwaani akagonga maikrofoni kwa kidole. "Jamani, saa inakwenda. Nani yuko tayari?"

Kushoto: "Sisi!"

Kulia: "Keti wewe." "Haiwezekani, wewe ndiye mkubwa."

"Basi walio tayari waanze," akasema shehe. Akavua miwani akaiweka mapajani, maana yeye Kurani anayo kichwani, haihitaji karatasi.

Nilipoona miwani imevuliwa nikasema, sasa ndiyo kipofu kabisa.

Sauti iliyoanza ilikuwa ya kizee. Nyembamba, imekauka, ila imenyooka. Ilisoma polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe, anajaribu jiwe kwa ncha ya mguu kabla ya kulikanyaga. Ilipokosea, ilisema "Ngoja," ikarudi nyuma, ikakanyaga tena vizuri. Haikuhitaji spika. Ilikuwa hatua nne kutoka kwa wazee wa kamati, kitambaa tu katikati.

Mwenyekiti alikuwa ameshika mgongo wa kile kiti, anajiandaa kukataa mara nyingine. Akakoma.

"Yule ni Mama," akasema.

"Keti basi, Mwenyekiti," alisema Katibu.

"Nyamaza. Yule ni Mama. Mama hajui kusoma."

Miaka minne Bi Mkubwa alikuwa anatoka kila alasiri na mkoba wake, na mtoto wake, mkaguzi wa vipimo, akiamini anakwenda kupiga soga. Na kila mwaka akina mama walikuwa wanasoma kidogo kidogo kule nyuma kwenye hafla, wanamezwa na masufuria. Ingekuwa pazia limekata kwa upana, hata leo asingejua.

Mzee akakiachia kiti. Akakaa chini, sakafuni, na kanzu yake ile ya pasi, kando ya pazia, akainamisha kichwa. Kiongozi akikaa chini, nani atabaki juu? Katibu akakaa chini. Mwenye kinu akashuka na goti lake bovu. Wakashuka wote tisa. Kiti kile kikabaki kitupu mpaka shughuli inaisha.

Sasa hapa naomba tuelewane. Kuna kuchungulia na kuna kukagua. Waya ulikuwa umevutwa sana, wazee wamelisukuma pazia, fundi mwenye kujali kazi yake lazima akague kama kitambaa kimekaa sawa. Watu wote macho yalikuwa chini. Nikasogea kinyumenyume mpaka kwenye maua, nikageuka, nikaweka jicho la kushoto kwenye lile tundu la pasi, nikakagua. Kwa muda wa sura mbili na nusu.

Na nilikagua nini? Kiti changu. Huo ndio ukweli, mimi nilikuwa na shida na kiti tu. Ila Ustadha naye alikuwa jirani yake. Alikisogelea, akakibonyeza kwa kiganja, akakitikisa kidogo, kushoto, kulia. Midomo yake ikavutika upande mmoja. Halafu akakisukuma ukutani taratibu, akakaa chini mkekani na watoto wake. Nikasema moyoni, ona unyenyekevu! Amepewa kiti maalumu, amechagua mkeka! Akainua uso, akayatazama maua ya pazia muda mrefu. Wanawake na maua, nikasema. Machozi yalinilengalenga, na kwa kuwa lilikuwa jicho moja tu, yalikuwa ya upande mmoja.

Hafla ikaisha vizuri. Wanawake wakapokea vyeti ubavuni kwa shehe, kila mmoja akasikia jina lake, na dua safari hii iliisha kwa wote wakati mmoja. Wakati nakusanya viti, mapazia nimeshayakunja, Mwenyekiti akamwendea Mjomba, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika na mkokoteni.

"Nani aliyepanga ukumbi huu?"

Mjomba hakufikiri hata kidogo. Alininyooshea kidole kama aliyeulizwa nani kavunja sahani.

Mzee alinipima juu mpaka chini. Macho yake yalikuwa mekundu bado. "Mimi nilikwambia wanawake nyuma," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Ukuta wa nyuma walikuwa nao?"

"Wote, mzee."

"Hm," akasema, akaondoka. Ile "hm" nililala nayo usiku kucha, sikujua ina uzito gani.

Jumapili Shangazi alitimiza neno, akapeleka posa. Jibu likaja: kijana aje Ijumaa baada ya alasiri, na mzee wake.

Ijumaa tukaenda, mimi na Mjomba, tumenukia. Hata sebuleni kwa Mwenyekiti mambo yamepangwa: sisi wanaume kwenye viti vya mbele, wanawake chumba cha ndani, na katikati yetu mlango wenye pazia. Shangazi alipitishwa huko ndani kwa akina mama wenzake. Sebuleni tulikuwa mimi, Mjomba, Mwenyekiti na yule shehe, aliyeitwa kama mtu anayenifahamu. Nilimsalimia. "Nani huyo?" akauliza, pua yake karibu iguse yangu. Nikafurahi. Shahidi mwenye macho kama yale ni zawadi.

Chai ililetwa, na biskuti. Mwenyekiti akauliza kuhusu swala, nikajibu. Akauliza kuhusu duka, Mjomba akajibu kirefu. Akauliza kuhusu lile wazo la mshazari, nikamweleza kumi na mbili, kumi na sita, ishirini, na nikaona kabisa uso wake unalainika. Mtu wa vipimo ukimpa namba kamili umempa halua.

"Mama anataka kila mwaka ukumbi ukae vile vile," akasema. "Mimi nimemwambia sawa. Ila ile ncha tuitafutie dawa."

"Ncha naishughulikia, mzee."

"Sasa swali moja la mwisho." Akaweka kikombe chini. "Kazi yako ni mapazia. Unaingia kwenye shughuli za wanawake, unatundika, unatundua. Mimi ninatoa binti yangu. Nataka kujua jicho lako linakaa wapi."

Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Nilinyoosha mgongo.

"Mzee, katika mapazia yote niliyotundika maishani, sijawahi kuchungulia hata moja."

"Kweli kabisa," alisema Mjomba, anafikia biskuti.

Shehe akavua miwani yake. Akaanza kuifuta kwa ncha ya kilemba, bila haraka.

"Mwenyekiti, unajua watu wengi hawaielewi miwani hii," akasema. "Ni ya karibu tu. Karibu sioni hata kidole changu. Mbali, alhamdulillahi, naona mpaka kucha za kunguru."

Biskuti ya Mjomba ilisimama njiani.

"Na ile kona aliyoniweka kijana ni kona nzuri sana. Naona huku, naona na huku. Wanaume wanasukumana, wanawake wametulia. Na katikati pana pazia la maua."

"Maua ya namna gani?" aliuliza Mjomba kwa sauti ndogo. Nilikuwa sijamwambia.

"Ya manjano, makubwa. Bi Mkubwa alipokuwa anatafuta mstari wake, mimi nikawa nayahesabu. Yalikuwa ishirini na manne. Ishirini na matatu yalikuwa yametulia." Akaivaa miwani. "Moja lilikuwa linapepesa."

Mwenyekiti alinigeukia taratibu, na sikuhitaji kuuliza ni kwa jicho lipi.

"Linapepesa?" akasema.

"Ni upepo, mzee," nikasema. "Zile feni mbili. Kitambaa chenyewe chepesi, na waya ulikuwa umelegea, kwa hiyo ua likawa..."

"Upepo hauna kope, baba."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia la mlango. Mara ya mwisho niliisikia miezi kumi iliyopita. Nyuma yake nilimsikia Shangazi akijaribu kuzuia kicheko, na akishindwa.

"Lilikuwa jicho lake, la kushoto, nililiona tangu mwanzo," Ustadha akaendelea. "Na kile kiti alichoniwekea, mguu wake bado umelegea. Mwambie aje aukaze."